Tundu Lililonyamaza

Mwende amenitaka niandike. Yeye ndiye aliyechukua funguo zangu nilipostaafu, na siku ya kukabidhiana alinishika mkono akaniambia, "Auntie, usi-retire uende na kila kitu kwa kichwa. Tuandikie, hata kama ni page mbili." Ni Mkenya, hodari wa kazi, na akishikilia jambo haliachii. Basi naandika. Lakini kama kuna anayetafuta maneno ya kumtia moyo, aende ofisi ya wafanyakazi, kule kuna mabango ukutani. Mimi maisha yangu ya kazi nimeyamaliza nikiwapa kondoo ugonjwa wa watoto, na nimeondoka nimekata tamaa. Nasema mapema ili msome mkijua.

Naitwa Zuhura, mtu wa Tanga. Nilikuja Minneapolis kusoma, nikiwa na cheti cha mifugo mkononi na nia ya kurudi nyumbani baada ya masomo. Wenye nia kama hiyo tupo wengi mjini hapa, na mvi tunazo. Kazi niliipata kwenye maabara iliyokuwa ikichunguza mishipa ya mapafu, nikidhani nitakuwa naosha vyupa. Kumbe walikuwa wanatafuta mtu asiyeogopa mnyama.

Kwa mgeni wa mambo haya, nieleze kama nilivyoelezwa. Moyo una pande mbili. Upande wa kulia unapeleka damu mapafuni, na kazi yake ni nyepesi, kwa sababu mapafu ni laini tena yapo jirani. Upande wa kushoto unapeleka damu mwili mzima, nao una nguvu kuliko mwenzake kwa mbali. Katikati pana ukuta. Mtoto akizaliwa na tundu kubwa kwenye ukuta huo, damu ya upande wenye nguvu inamwagikia upande dhaifu na kukimbilia mapafuni, nyingi na yenye kishindo. Mishipa midogo ya mapafu haikuumbwa kwa mafuriko. Inajikinga kwa kunenepesha kuta zake, na kadiri kuta zinavyonenepa ndivyo njia inavyobana na presha ya mapafuni inavyopanda. Tundu likizibwa mapema, mishipa inapona. Likichelewa, mishipa inakakamaa, damu inaanza kurudi kinyume, na hapo kuliziba tundu ni kumuua mgonjwa, maana ndilo limekuwa njia ya moyo kupumulia. Swali letu kwa miaka yote lilikuwa moja: mpaka uko wapi, na je, aliyeuvuka anaweza kurudishwa?

Mtoto wa mtu huwezi kumpasua kila unapotaka kuangalia mishipa yake. Kwa hiyo tulitafuta mnyama wa kuugua badala yake.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa ya baridi ile ambayo kope zinagandana. Gari la mkulima lilirudi kinyumenyume hadi mlangoni, likashusha kondoo majike wenye mimba. Aliyekuwa akiwapokea ni Lorraine, mama wa makamo, binti wa wakulima wa huku, mkuu wa chumba cha upasuaji wa wanyama. Akaniuliza kama najua kumkalisha kondoo. Nikasema najua. Nilikuwa nawafikiria mbuzi wa kwetu. Kondoo wa huku ni mzito kuliko mimi, na yule wa kwanza alinikokota ukumbi mzima huku nimeng'ang'ania manyoya. Lorraine hakucheka wala hakunisaidia. Alingoja nimwachie, akaja polepole, mkono mmoja chini ya kidevu, mwingine kwenye nyonga, akamgeuzia kichwa ubavuni na kurudi nyuma kidogo. Kondoo akaketi kwa makalio, katulia kama bibi harusi.

"Nguvu hazisaidii," aliniambia kwa Kiingereza chake cha kuvuta maneno. "Mwonyeshe kwamba huna haraka." Nyinyi mnaoanza, likumbukeni hilo. Ndilo jambo pekee katika maandishi haya ambalo nina hakika nalo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kondoo mwenye mimba ya mapacha, akikaribia kuzaa, anapigwa usingizi, anapasuliwa tumbo na kizazi. Mwanakondoo mmoja anatolewa nusu mwili, kichwa kimevikwa glovu yenye maji ya chumvi vuguvugu asije akavuta pumzi kabla ya wakati. Kifua kinafunguliwa, na kati ya mshipa mkuu wa mwili na mshipa wa mapafu Profesa, mkuu wa maabara yetu, anashona kijibomba kifupi cha kitambaa cha plastiki. Kisha tunamrudisha ndani, tunashona kizazi na tumbo, tunangoja azaliwe. Akiwa tumboni hadhuriki, kwa sababu mapafu hayajaanza kazi. Anapozaliwa na kuvuta pumzi ya kwanza, mafuriko yanaanza. Pacha wake hatukumgusa. Huyo alikuwa wa kulinganishia.

Mimi nilikuwa mtu wa joto. Mwanakondoo ambaye hajazaliwa akipoa, moyo unasimama, basi nilikuwa nafukuzana na maji vuguvugu, mablanketi na taa. Hata vibanio vya mishipa nilivipasha kwanza kwenye kiganja kabla ya kumpa Profesa, jambo nililofundishwa na Lorraine, na Profesa hakuwahi kulitambua. Alidhani vibanio vinakuja vikiwa vya moto kutoka kiwandani.

Shida nyingine ilikuwa mama mtu. Kondoo anamjua mwanawe kwa harufu. Yule aliyepasuliwa alikuwa akizaliwa ananuka dawa, na mama anamlamba mmoja huku akimpiga kichwa mwingine. Lorraine alikuwa akichota maji ya uzazi kwa mikono miwili, anawapaka mapacha wote wawili kuanzia kichwani hadi mkiani, kisha anawachanganya kama mtu anayechanganya karata. Mama anachoka kuwatenganisha, anawapokea wote. Niliwahi kumwambia kwamba kwetu wapo wakunga wanaolipwa kwa ujanja mdogo kuliko huo. Akaniuliza kama wanahitaji mtu.

Halafu kulikuwa na mtetemo. Kijibomba kikiwa wazi, damu inapita kwa kasi, na ukiweka kiganja kwenye kifua cha mwanakondoo unausikia, mtetemo mfupi mfupi usiokoma, kama paka anayekoroma. Kila asubuhi kabla ya chai tulipita banda zima, kiganja juu ya kila kifua. Mtetemo ukiwepo, Lorraine anasema, "Huyu yupo." Usipokuwepo, damu imeganda ndani ya kijibomba, mafuriko yamekatika, ugonjwa hautakuja, na mnyama hafai tena kwa kazi yetu. Mwanakondoo mwenyewe hapo amepona, lakini hakuna aliyempongeza. Hivyo ndivyo tulivyozoea kufikiri, na mtu akiwa kazini haoni ajabu yoyote.

Wale wenye mtetemo waliishi wakihema. Walinyonya kidogo, wakapumzika, wakanyonya tena. Tuliwapa dawa ya kupunguza maji mwilini na madini ya chuma, tukawabembeleza na chupa. Baada ya wiki chache za hayo, wote wawili walilazwa usingizi usio na kuamka, mgonjwa na pacha wake asiye na kosa, na mapafu yao yakakatwa vipande vyembamba vya kutazamwa kwa darubini. Mishipa ilikuwa imenenepa kweli. Profesa alifurahi. Sasa tuliweza kuona mwanzo wa ugonjwa, saa ambayo mtoto bado anaweza kuokolewa.

Mwisho wake ndio uliotushinda. Tukiwaacha wanakondoo waendelee, moyo ulichoka na kuzama kwenye maji kabla mapafu hayajakakamaa, au mnyama alikua na kijibomba kikabaki kidogo, mafuriko yakawa si mafuriko. Tukajaribu panya. Panya unamuunganisha mishipa ya tumboni damu ikimbilie mapafuni, na kumbe peke yake haitoshi, mpaka umwongezee sumu. Ukishamwekea sumu, unachunguza tundu au unachunguza sumu? Tukajaribu nguruwe. Mimi ni Muislamu, na mama yangu amekwenda kaburini bila kujua kwamba mwanawe alikuwa akiamka, anaswali alfajiri, kisha anakwenda kumpakata nguruwe na chupa ya maziwa. Nguruwe naye anakua kwa pupa mpaka vipimo vya leo si vya kesho. Kila mnyama alitupa kipande chake na kutunyima kilichobaki. Mikutano ilifanyika, makaratasi yakachapishwa, na swali likabaki pale pale.

Sikukata tamaa wakati huo. Nilikuwa na kazi za mikono, na mwenye kazi za mikono hana nafasi ya kukata tamaa. Tamaa niliikatia nyumbani.

Jengo ninaloishi liko Fridley, la ghorofa tatu, halina lifti. Wapangaji wengi ni Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi. Maman Vumilia alihamia ghorofa ya juu yangu akiwa na binti yake mmoja, Solange. Tulikutana chumba cha kufulia, yeye akiitazama mashine kama mtu anayengoja imsalimie kwanza. Nilimsaidia, tukazungumza, na Kiswahili chetu kikagongana kidogo kisha kikaelewana. Solange alikuwa amekaa sakafuni ameegemea kikapu cha nguo. Mtoto mwembamba, anakohoa, jasho kwenye paji la uso ilhali nje theluji.

"Mama Zuhura, wewe ni docteur ya nyama?" Maman Vumilia aliniuliza. Nyama kwao ni mnyama. "Kuya usikie kitu."

Akauchukua mkono wangu, akauweka kwenye kifua cha binti yake. Mtetemo. Ule ule niliokuwa nimeugusa asubuhi hiyo hiyo bandani. Mkono uliujua kabla ya kichwa, na nusura niseme kwa mazoea, "Huyu yupo."

Hospitali ilikuwa imeshaligundua tundu kwenye vipimo vya wageni wapya, na miadi ilikuwa imepangwa. Nikaenda nao. Daktari alikuwa mwanamke mpole, mkalimani akawa sauti ya mwanaume kwenye simu. Maman Vumilia aliuliza ile kelele ni nini. Daktari akajibu, na simu ikatafsiri: ni damu inapita kwenye tundu. Jibu zuri, fupi, la kweli. Walimpitishia mrija hadi moyoni wakapima presha. Mishipa ilikuwa imeanza kunenepa, lakini haijakakamaa yote. Wangempa vidonge vya kuilegeza, wapime tena baada ya miezi, na ikiwezekana walizibe tundu.

Nilirudi kazini nimefurahi, na siyo kawaida yangu. Hapa palikuwa na mtoto mwenye jina, aliye bado upande huu wa mpaka. Kila asubuhi Lorraine akawa ananiuliza habari zake hata kabla ya habari za kondoo.

Halafu wakahama. Kiwanda cha nyama kwenye jimbo la jirani kilikuwa kikiajiri, binamu wa Maman Vumilia alikuwa huko, na kazi ya hapa ilikuwa imekatika. Nilimsihi Maman Vumilia atafute hospitali huko mara tu atakapofika. Aliahidi, na najua alikuwa na nia. Lakini mji ulikuwa mdogo, hospitali ya moyo iko mbali, gari hana, vidonge vikaisha. Simu zikapungua kama zinavyopungua simu za watu waliohama. Miaka ikapita. Lorraine akastaafu, akaugua, akafariki kwenye nyumba ya wazee kule Saint Louis Park. Mara ya mwisho nilipomtembelea hakunikumbuka jina, ila alishika kiganja changu akakifungua na kukilaza bapa kama tulivyokuwa tukifanya bandani.

Siku moja nikasikia hodi. Maman Vumilia mlangoni, amenenepa, anacheka. "Tumerudi! Tuko tena mu ile building. Dimanche tunafanya shukrani, usikose." Nyuma yake msichana mrefu, mashavu yamejaa, hakohoi. Sikumtambua mpaka aliposema, "Hi, Auntie." Taa ya korido yetu ni mbovu, na furaha ilinipofusha. Nikafikiri wamemziba tundu huko huko. Nikamshukuru Mungu kwa dini yangu, nikaenda kuloweka mchele wa pilau.

Shukrani ilifanyika kwenye ukumbi wa kukodi ambao kanisa lao hutumia Jumapili mchana. Nilikaa nyuma na mtandio wangu, watu wakinipisha kwa heshima. Kwaya iliimba mpaka vioo vikatoa jasho. Kisha Maman Vumilia akasimama mbele na binti yake kutoa ushuhuda.

"Huyu mutoto alikuwa na tundu mu roho," alisema, na roho kwao ni moyo. "Ukiweka mukono hapa, ilikuwa inalia kama mashini. Hakukuwa dawa, hakukuwa opération. Leo hii weka mukono, ni kimya! Hakohoe tena. Amenona. Nani amefunga lile tundu?"

"Yesu!" ukumbi ukajibu.

"Nani?"

"Yesu!"

Wanawake wakapanga foleni, mmoja mmoja akiweka kiganja kwenye kifua cha Solange na kuinua mkono juu. Ndipo Maman Vumilia akaniona. "Mama Zuhura ni shahidi yangu! Yeye ni muislamu, hawezi kunidanganyia. Alisikia zamani. Kuya, usikie sasa!"

Nilitembea mpaka mbele. Niliweka kiganja. Kimya. Moyo ulikuwa unapiga, kwa nguvu, upande ambao haukupaswa kuwa na nguvu, lakini mtetemo haukuwepo. Nikatazama juu, kwenye mwanga, na midomo ya Solange ilikuwa ya zambarau. Nikashika mkono wake kana kwamba nampongeza. Ncha za vidole zilikuwa zimevimba na kucha zimebinuka, rangi ile ile. Ukumbi mzima ulikuwa unangoja neno langu.

"Ni kweli," nilisema. "Kimya."

Wakashangilia.

Niwaeleze nyinyi mnaojua kondoo tu. Kimya tulichokijua bandani kilikuwa cha damu kuganda. Hiki kilikuwa kingine, nilichokuwa nimekisoma kwenye vitabu na sikuwahi kukigusa. Kelele ni ya damu inayotoka upande wa presha kubwa kwenda upande wa presha ndogo. Mapafu yakikakamaa, presha ya kulia inapanda mpaka inalingana na ya kushoto, na damu haina tena sababu ya kukimbia. Tundu liko vile vile, wazi. Hata kunenepa kwake ndio ugonjwa wenyewe. Mapafu yalipojifunga, mafuriko yalipungua, kikohozi kikaisha, chakula kikaanza kukaa mwilini. Kila walichokuwa wakikishukuru siku ile kilikuwa habari mbaya, na mimi peke yangu mle ndani nilikuwa nimeisomea.

Nilimwambia Maman Vumilia siku ile ile, tulipokuwa tunaosha masufuria jikoni mwa ukumbi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilisema Solange arudi hospitali kesho, kwa sababu midomo yake haina rangi nzuri.

"Ni baridi," alisema.

"Maman, si baridi."

Akaacha kusugua. "Docteur alisema ile kelele ni damu inapita mu tundu. Miye nilisikia na masikio yangu. Kelele imeisha. Sasa damu inapita wapi?"

Sijawahi kusikia hoja iliyonyooka kuliko hiyo. Nikachukua mabeseni mawili. Nikamwambia, fikiria yameunganishwa na mpira. Hili likiwa juu, maji yanateremka kwenda lile na unayasikia. Yakilingana, husikii kitu. Mpira hujauziba, maji yamelingana tu.

Alitazama mabeseni. Mikono yake ilikuwa na povu hadi kwenye viwiko.

"Kumbe alipokuwa mugonjwa njo alikuwa muzima," alisema, "na sasa ni muzima njo mugonjwa?"

"Ndiyo."

"Usiniharibie siku yangu, Mama Zuhura." Hakusema kwa hasira. Akarudi kusugua.

Aliyeamua kwenda ni Solange mwenyewe. Alikuja kwangu kabla wiki haijaisha, akaweka vidole vyake juu ya meza yangu chini ya taa, akaniuliza, "Auntie, why are they like this?" Watoto wetu Kiswahili wanakisikia vizuri, wanajibu wanavyotaka. Nikampeleka, na Maman Vumilia akafuatana nasi, na safari hii nilimwomba mkalimani akae nasi chumbani ana kwa ana. Mrija ulipitishwa tena. Daktari yule yule mpole, sasa ana miwani, alisema tundu halizibiki. Vipo vidonge vya kumpunguzia mzigo. Asibebe vizito, asipande milima, asibebe mimba kamwe. Kuna kupandikizwa moyo na mapafu pamoja, jambo la mbali, la foleni, la labda. Mkalimani alipofika kwenye neno mimba alisita, akamtazama mama mtu, kisha akalisema.

La kuvunda halina ubani. Nilirudi kazini kesho yake, nikapita bandani, kiganja juu ya kila kifua, na kwa mara ya kwanza nilikasirika. Niliwakasirikia wale wanakondoo kwa kunguruma vizuri. Nilikasirika kwamba kila tulichokijua kwa yakini kilikuwa cha siku za mwanzo, na kwamba siku za mwanzo za mtoto huyu zilipotelea kwenye barabara ya kwenda kiwandani.

Maman Vumilia naye alibaki na mtihani ambao sikuujua mpaka aliponieleza. Kwao ushuhuda ukishatolewa mbele ya kanisa haurudishwi. Anayesimama kusema Mungu amefanya, kisha asimame tena kusema hakufanya, amemfanya Mungu mwongo, au amejifanya yeye mwongo, na watu walioweka mikono yao pale wote wameguswa. "Vidonge atakunywa," aliniambia. "Kila siku nitamupa na mukono yangu. Lakini pale mbele siwezi kurudia." Basi nyumbani binti ni mgonjwa, na kanisani ni muujiza. Anaitwa kuwaombea wagonjwa. Anaombwa aimbe sauti ya juu.

Mwaka wangu wa mwisho banda la kondoo lilifungwa. Wafadhili wanataka chembechembe hai zinazokuzwa kwenye vioo na hesabu za kompyuta, na pengine wana haki, siwezi kuwatetea kondoo niliowaua. Waliniaga kwa keki nyumbani kwa Profesa kule Eden Prairie, mahali ambapo asiye na gari hafiki, kwa hiyo Mwende alinichukua. Nilimvuta Profesa pembeni, nikamweleza habari za Solange bila kumtaja jina, nikamuuliza kama kuna lolote, katika yote tuliyofanya, la mtu aliyekwisha vuka. Ni mtu mwema. Aligeuza glasi mkononi.

"Hilo ndilo swali tulilokuwa tunaomba miaka yote turuhusiwe kulijibu, Zuhura," alisema, kisha mkewe akatuita tukakate keki.

Kwenye gari Mwende aliniuliza, "Auntie, mbona hujaguza cake?" Nikamwambia nimefunga. Alijua si kweli, lakini aliheshimu.

Na sasa niwaambie la Jumamosi iliyopita, kisha nitawaacha. Nilitoka dukani pamoja na Maman Vumilia na Solange, wamenipa lifti kwa gari lao, sote tumerudi na mifuko. Maman Vumilia anapanda ngazi kwa kasi ya mtu aliyezoea zamu za kiwandani, alishatangulia juu. Solange alifika kwenye kituo cha kwanza cha ngazi, akainama kufunga kamba za kiatu. Alikuwa amevaa mabuti ya zipu. Mlango wa ghorofa ya kati ulikuwa wazi, na familia ya kanisani kwao ilikuwa inatoka, wanamsalimia, "Muujiza wetu!" naye anatabasamu chini chini, ameinama, hawezi kuinuka.

Nikaweka mifuko chini. "Magoti yangu jamani!" nilisema kwa sauti ya kusikika. "Solange mwanangu, kaa na mimi kidogo, uzee umenifika." Nikaketi kwenye ngazi. Akaketi kando yangu. Wale wakatupa pole ya uzee wakashuka zao. Tumefanya hivyo mara nyingi sasa, yeye na mimi, na hatujawahi kukubaliana kwamba tunafanya.

Alihema mpaka pumzi ikarudi. Nilimtazama midomo, mazoea ya kazi. Kisha akasema, "Auntie, those sheep. Wakifika hapa mimi nimefika, mlikuwa mnawafanya nini?"

"Hawakufika," nilisema.

"Not even one?"

"Hata mmoja."

Akafikiri. "So hamjui."

"Hatujui, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa basi limekwisha pita. Kutoka juu Maman Vumilia akaita, "Munafanya nini kule chini?"

Solange alivuta pumzi, akaikusanya sauti yake yote. "Ni Auntie," alijibu. "Amechoka."